Kifungo kimekataa kuachia kiatu

Jamani, leo nimenaswa na kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Mwaka wa pili huu nabuni kifungo cha kushika kiatu kwenye ubao wa kutelezea thelujini. Leo nimepanda ubaoni kukijaribu, kikashika kiatu changu vizuri sana. Kuachia ndiko kulikoshindikana.

Na mabosi wako njiani kuja kukiona!

Nusu saa nahangaika na bisibisi, karibu nilie.

Akaingia Bi Zuwena, Mpemba mwenzangu anayesafisha ofisi.

"Mwanangu, kwani kiatu hakivuliki?"

Nikafungua kamba. Mguu ukatoka.

Mabosi wakanikuta na soksi, kiatu kimeng'ang'ania ubaoni. Wakasema nianze upya.

Nimo kwenye treni narudi nyumbani Barking, huku ughaibuni. Nimechoka, wallahi.

Semeni kweli, ingekuwa nyinyi, kesho mngerudi?