Siku Tuliyombeba Tito

Ipo siku moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, ambayo sijaisahau hadi leo, na kwa kuwa umekuja kuniaga unakwenda kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara, kaa kwanza nikusimulie.

Mimi nilizaliwa Kilolo. Mchezo huu nilijifunza shule ya misheni upande wa Iringa, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote, na sifa zangu zikafika Mbeya. Kampuni moja ya kahawa ikaniita. Kwa jina nilikuwa karani wa ghala, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kucheza. Nilipewa chumba chenye sakafu ya saruji, blanketi zuri na sukari. Wapakiaji wa magunia walilala bandani. Mmoja wao, Tito, alipenda kuja kututazama tukifanya mazoezi, na nikikosa kikapu alinicheka waziwazi. Nilimpenda kwa hilo.

Ijumaa moja rundo la magunia lilimwangukia ghalani. Akafa palepale.

Kesho yake tulikuwa na mechi na timu ya Iringa. Wageni wa meneja walikuwa wameshaketi, nasi tumeshavaa fulana, akaja mzee mmoja aliyelowa mvua, kofia mkononi. Alikuwa baba yake Tito.

"Wanangu," alisema, "gari limekwama, njia ya kwetu mlimani imekatika kwa mvua. Naomba watu wa kunisaidia kumbeba mtoto."

Meneja akanigeukia mimi, maana nilikuwa nahodha. "Chezeni kwanza. Maiti itasubiri. Ukiondoka sasa, usirudi."

Sikuwa shujaa, mwanangu. Nilisimama nikikiwaza chumba changu, nikimwaza mama aliyekuwa akinitegemea. Yule mzee hakunisihi. Alivaa kofia yake, akaanza kuondoka peke yake. Nilipouona mgongo wake ukienda, nikavua fulana. Wenzangu watatu wakanifuata.

Tulipanda mlima na jeneza mabegani, tope likitushika miguu. Kwa urefu wangu, ningesimama wima jeneza lingelala upande na kuwaelemea wenzangu. Nikakunja magoti, nikaenda hivyo hadi kwao.

Tulipokwisha kuzika, mzee alinishika mkono.

"Umejiinamisha njia nzima," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuona."

Jumatatu nilipanda lori kurudi Kilolo. Sikucheza tena kwa mshahara. Iliniuma, sitakuficha, kwa miaka mingi nikisikia mpira unadunda niliondoka mahali pale. Lakini kumzika Tito sijakujutia hata siku moja.

Basi nakuusia hivi. Watakulipa na watalishangilia jina lako. Pokea, ni jasho lako. Ila wauzie mchezo tu, usiwauzie utu wako. Mwenzako akifiwa, nenda, hata kama uwanja umejaa. Yajue majina ya wanaobeba mizigo na kufagia pale unapochezea, uwasalimu kama unavyomsalimu meneja. Na urefu Mungu aliokupa usiutumie kuwatazama watu kutoka juu.

Haya, nenda mwanangu. Mungu ailinde miguu yako, akupe marafiki wa kweli, na akurudishe kwetu ukiwa bado mtu wa watu.