Ukuta wa Philomena na Shahada ya Kuchora

Watu wa Machochwe walipomuuliza Philomena mwanawe anasomea nini huko chuo kikuu, mwanzoni alijibu kwa madaha: "Sanaa." Akadhani swali limekwisha. Lakini mzee Nikodemo, jirani yake, hakuwa mtu wa kuliachia swali njiani.

"Sanaa ya kuimba?"

"Ya kuchora."

"Kuchora ramani za majumba?"

"Picha tu, mzee. Somo lake kubwa ni uchoraji, dogo ni ufinyanzi."

Nikodemo alitikisa kichwa kwa huruma. "Kwa hiyo mpaka umri huu alikuwa bado hajui kuchora. Pole sana, mama Thadeo."

Tangu siku hiyo Philomena alisema Thadeo anasomea ualimu, na Mungu amsamehe.

Mama huyu alikuwa mjane, mkulima wa mtama na mihogo, mwenye ng'ombe wachache na jambo moja la kuringia: ukuta wa mbele wa nyumba yake. Tangu aolewe alikuwa akikandika nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kila mvua zikipita, mpaka kucha zikasahau rangi yake. Mwaka jana tu ndipo alipopiga lipu ya saruji, laini, ya kuteleza. Wageni aliwakalisha nje mbele yake makusudi, wautazame wapende wasipende.

Thadeo akaja akiwa mwaka wa mwisho, nywele amesokota, shanga shingoni, brashi tele begini. Mwalimu wake alikuwa amewaagiza wanafunzi warudi kwenye asili yao wakafanye kazi ya mwisho, naye angepita kuikagua. Bila kazi hiyo hakuna shahada. Basi kijana akarudi kwenye asili, akaikuta imepigwa lipu. Alihuzunika kama aliyefiwa.

"Mama, umeua urithi."

"Urithi gani, mura, kijana wangu?"

"Ile nyumba ya udongo ilikuwa inapumua!"

"Ilikuwa inavuja."

Akaomba aukandike ukuta upya, achore juu yake. Philomena akakataa katakata, akamwonyesha banda la mbuzi. Thadeo akalizunguka banda, akasema halina mwanga. Mbuzi hawakuwahi kulalamika.

Jumapili Philomena alipotoka kanisani na kukawia kwa shoga yake mpaka jioni, alikuta ukuta umekwisha kukandikwa kuanzia chini hadi kwenye bati, umechorwa mistari myekundu na myeupe. Mmoja mrefu uliopinda uliitwa Kilio cha Bibi. Bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kucheka tu.

Ili rangi ishike, msomi alikuwa amechanganya kopo zima la magadi kwenye udongo na rangi. Mtoto wa wafugaji, aliyekua akiwalambisha ng'ombe magadi kwa mkono wake mwenyewe!

Ng'ombe walirejea kutoka malishoni, wakanusa, wakaacha njia ya zizini. Wa mbele akaupitisha ulimi, Kilio cha Bibi kikapungua nusu. Wenzake wakajipanga ukutani. Thadeo aliwapungia brashi huku akilia machozi ya kweli, na mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha kicheko kikakatika. Pale udongo ulipolambwa, lipu yake ilionekana, imekwanguliwa kwa panga toka mwanzo hadi mwisho. Thadeo aliikwangua ili udongo upate pa kushikia. Philomena aliingia ndani, na uchungu aliokuwa nao haukumruhusu hata kupika.

Kesho yake mwalimu alifika, miwani imefunika nusu ya uso. Kwa muda mrefu aliutazama ukuta uliolambwa. Ng'ombe mmoja akapita, akaongeza ulimi mmoja.

"Mifugo nayo imeshiriki kuumba," mwalimu alinong'ona.

"Ndiyo dhamira yenyewe," Thadeo akadakia, bila haya.

Akapewa alama za juu kabisa. Mwalimu alipiga picha nyingi, akamwinamia Philomena. "Shikamoo mama. Nakuomba, ukuta huu usiguswe kamwe."

"Marahaba, mwanangu. Safari njema."

Gari lilipotoweka, Philomena alitoa stoo mfuko wa saruji uliobaki, akamkabidhi mwanawe koleo.

"Mama, mwalimu amesema usiguswe!"

"Mwalimu hakuukandika. Wewe ulilala humo ndani ukaona uzuri. Mimi nilikuwa nje nimeinama, mwaka hadi mwaka, na hata siku moja hukuniuliza kama mgongo unauma. Nimeumia, Thadeo. Ukwangue huo udongo, upige lipu."

Thadeo alishika koleo. Akaanza. Ukuta haujafika hata nusu, akashika kiuno na kulalamika kuwa mgongo unamuua.

Philomena alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunywa chai.

"Inama," akamwambia.