Mtu Asiyeshuka Farasi

Thadeus wa Uru alikuwa na ulimi mchungu kuliko kwinini, na wageni waliolipa fedha nyingi kupanda farasi nyuma yake mlimani walidhani huo ndio ucheshi wa Wachagga. Akiwatukana, wanacheka. Akinyamaza kutwa nzima, wanaambiana kwamba kiongozi wao ni mtu wa hekima. Hekima alikuwa nayo kidogo kama watu wote. Kilichomjaa kifuani ni hasira.

Hasira yenyewe ilianzia nyumbani. Kwa mila ya kwao, mzaliwa wa kwanza hukatiwa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa la ukoo, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na kukaa na mama. Wa katikati atajijua. Thadeus alikuwa wa katikati. Baba yao alipofariki, muda mfupi baada ya Uhuru, kaka yao mkubwa alishakatiwa chake, na kila kilichobaki kikawa cha Antoni, kitinda mimba, mtoto ambaye Thadeus alimbeba mgongoni akiwa bado anajikojolea. Thadeus aliomba japo kipande cha kujenga kibanda. Antoni akamjibu mbele ya wazee kwamba kihamba si mbuzi wa kuchinjwa watu wakagawana. Ndipo Thadeus akaapa, na mama yao Kornelia akisikia, kwamba mguu wake hautakanyaga tena udongo ule mpaka apewe chake.

Akateremka mjini, akapata kazi ya kutunza farasi wa mlowezi mmoja mwenye shamba kule tambarare. Mlowezi alipoona nchi imebadilika, akafunga virago, na farasi wakanunuliwa na Bwana Gurdip, Kalasinga mwenye gereji pale Moshi. Gurdip alikuwa mtu wa kuona biashara hata penye mavi. Akabuni likizo za farasi: wageni kutoka Ulaya wapandie Mwika, wazunguke ubavu wa mlima kupitia migombani, walale kwenye mahema, wamalizie Uru. Lakini kabla ya kumaliza kuna korongo, na njia ambayo farasi anaweza kuteremka mpaka mtoni bila kuvunjika shingo ni moja tu. Njia hiyo inapita katikati ya kihamba cha Antoni.

Gurdip alipomwonyesha njia hiyo, akitarajia ubishi, Thadeus alicheka mpaka machozi yakamtoka. Farasi ndiye atakayekanyaga, si yeye. Kiapo kingebaki kizima.

Siku ya kwanza alipita pale kifua mbele, kichwa kimelingana na mikungu ya ndizi, msururu wa Wazungu nyuma yake. Antoni alikuwa amesimama na jembe kando ya kahawa.

"Shikamoo, kaka," alisema Antoni, maana adabu ni adabu hata kwa mtu unayemchukia.

"Pisha," Thadeus alimjibu.

Akaendelea hivyo kila safari. Farasi walivunja miche ya kahawa, wakala maharage, wakaacha samadi yao karibu na mlango. Antoni alikwenda kwa wazee wa ukoo kutaka njia ifungwe. Wazee wakanywa mbege yake, pombe ya ndizi, kisha wakamwambia njia ya mtoni haifungwi, ni ya kila mtu. Antoni akarudi na matusi aliyoyaokota redioni tu: kaka yake ni kupe, kibaraka wa mabepari katika nchi ya Azimio la Arusha. Thadeus akayapata maneno hayo mjini na yakamfurahisha sana. Kwake ilikuwa dalili kwamba dawa inaingia.

Mtu aliyefurahi kuwaona farasi pale nyumbani ni Kornelia peke yake. Akisikia kwato alitoka na kata ya mbege, akasimama njiani pale inapopinda, akamnyoshea mwanawe. Thadeus aliinama juu ya tandiko, akanywa, akarudisha kata.

"Shuka basi, baba, ukae na mimi hata kidogo."

"Siku Antoni akinipa changu, mama."

Bibi kizee aliushika mguu wa mwanawe, akaupangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akawapisha farasi. Hilo lilimuuma Thadeus kila mara, na usiniambie halikumuuma. Lakini kushuka mbele ya Antoni kungemuuma zaidi, au ndivyo alivyoamini.

Basi mwaka mmoja, mvua za masika zikiwa zimekaribia, Thadeus alikuwa Mwika akiwamiminia wageni chai. Akatokea Filbert, jirani yao wa Uru, viatu vimejaa tope, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka Thadeus."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Unaitwa nyumbani. Mama hajisikii vizuri."

"Nani amekutuma?"

"Antoni."

"Aa. Mama hajisikii vizuri, au Antoni hajisikii vizuri?" Thadeus akaweka birika chini. "Amewakusanya tena wazee, siyo? Anataka nije kwa miguu kama mshtakiwa."

"Kaka, ingefaa tuondoke wote leo hii."

"Mwambie aliyekutuma kwamba nitapita Jumamosi na farasi wangu, kama siku zote."

Filbert alibaki amesimama, akiizungusha kofia yake mikononi. Hapo ndipo ninapomkasirikia Thadeus kabisa. Kwetu hakuna mtu anayetumwa safari ndefu kuja kutamka waziwazi kwamba fulani amekufa. Husema ni mgonjwa, husema unaitwa, na wewe mwenyewe unafunga mzigo wako bila kuuliza. Mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo. Thadeus naye alilijua tangu akinyonya, lakini alishasikia jina la Antoni, na baada ya jina hilo masikio yake yalikuwa hayana kazi. Filbert akavaa kofia, akaaga wageni, akarudi alikotoka.

Jumamosi Thadeus aliwapangusa farasi vizuri kuliko kawaida. Njiani aliwaahidi wageni kwamba mama yake atawaonjesha mbege ya kweli. Walipoingia kihambani akaona njia imezibwa. Pale inapopinda palikuwa na lundo refu la udongo, limefunikwa majani ya migomba, kutoka kahawa ya upande huu mpaka kahawa ya upande wa pili. Farasi wake akasimama mwenyewe.

Damu ikampanda. Antoni amewapuuza mpaka wazee.

"Antoni!" aliita. "Toka uje uondoe udongo wako njiani. Utauondoa leo, kwa mikono yako, na wageni wangu wakikuangalia."

Nyuma yake bibi mmoja wa Kijerumani aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kama hapa ndipo watakapokunywa mbege.

"Na mama yuko wapi?" Thadeus alizidi kupaza sauti. "Umemfungia ndani asinione?"

Antoni akatoka polepole, hana jembe, hana kofia, kichwa amenyolewa kipara. Mkewe akamfuata, naye amenyolewa. Wakasimama upande wa pili wa lundo.

Thadeus aliviangalia vichwa vile viwili. Mtu wa kwao hahitaji kufafanuliwa kichwa kilichonyolewa.

"Nilimtuma Filbert," alisema Antoni.

"Aliniambia hajisikii vizuri."

"Ulitaka akuambieje? Wewe ulizaliwa wapi?"

Antoni hakupaza sauti, ila chuki ilikuwa imejaa usoni mwake, haina hata huruma ya kujificha.

"Msalaba bado uko kwa fundi. Na mimi sikutaka alale hapa. Nilitaka kumzika kando ya baba. Ni yeye aliyekataa. Alisema nimlaze njiani, mahali unapopita, kwa sababu ukimkuta hapa lazima utashuka. Mimi nilimbishia, nikamwambia hutashuka."

Akainua macho kumtazama kaka yake, ambaye hata sasa alikuwa bado juu ya farasi.