Ndugu Zetu wa Katesh

Mwaka jana nilishuka Katesh kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Tiketi yangu ilikuwa ya Singida, lakini nilipouona mlima Hanang umejifunika wingu mpaka mabegani, nilichukua begi nikateremka. Si kawaida yangu kufanya hivyo.

Mahali ilipokuwa nyumba yetu ya kupanga pana duka la mabati na saruji. Binti wa dukani aliniamkia, nami nikamwuliza habari za wanafunzi waliokuwa wakipanga vyumba vya uani. Akatabasamu kwa aibu. "Mimi nimehamia juzi tu, mama. Hata mwenye nyumba wa zamani simjui."

Sisi tulitoka Kenya, upande wa Busia. Baba alikuwa fundi wa mtambo wa kuchimba visima, akapata kazi Hanang, akatuhamisha mama na mimi. Wiki nzima alikuwa vijijini na mtambo wake. Sisi tulibaki na ule upepo unaopiga mabati mchana kutwa. Kwao mama alikuwa mtu wa vicheko, hapiti njia bila kuitwa. Katesh alinyamaza. Nilikuwa nikimsikia jikoni akiongea na sufuria.

Uani walipanga wanafunzi wa sekondari ambao makwao ni mbali. Siku moja mmoja wao, binti wa wafugaji wa Mogitu, alikuja kuomba moto.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri," mama akajibu kama tulivyozoea kwetu.

Binti akabaki mlangoni na kigae chake cha kubebea makaa. Akarudia, "Shikamoo."

"Mzuri sana!"

"Mama, hapa unasema marahaba. Usiposema, mimi nitashinda hapa mlangoni."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tuvuke mpaka sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Basi wakawa watu wetu. Jumamosi mama alisukuma chapati, nao wakaja na walichonacho: maziwa mgando kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, mahindi ya kuchoma, maboga. Kijana mmoja, mtoto wa wakulima wa Nambis, alipenda kumenya vitunguu huku akilia na kutusimulia vituko vya ng'ombe wa babu yake. Alikuwa akisema, "Kwetu usipoona moshi kwa jirani asubuhi, unaenda kuuliza."

Masika ile mama alikuwa mjamzito. Asubuhi moja hakuwasha moto. Yule kijana alikuja kugonga akiwa na sare za shule, akamkuta mama ameshika ukuta. Siku zake hazikuwa zimetimia. Baba hakupatikana kwa simu. Kijana akakimbilia barabarani, akasimamisha pikapu ya vitunguu, akasaidiana na dereva kushusha magunia matopeni. Binti wa Mogitu akapanda na mama nyuma, akiwa amemkumbatia, na mimi nimeshika sketi yake.

Mdogo wangu alizaliwa hospitalini mchana ule. Kesho yake, kabla ya jua kuzama, alifariki.

Mama mwenye nyumba alikuja uani, akawakuta wanafunzi wamekaa kwenye ngazi. Akauliza kwa upole, "Ndugu zake ni akina nani hapa, wa kuchimba kaburi?"

"Ni sisi," akasema kijana wa Nambis.

Binti wa Mogitu ndiye aliyemwosha. Alimfunga kwenye kitenge chake kipya, kile alichokuwa akikiweka kwa ajili ya mahafali. Wavulana walichimba, mvua ikinyesha. Baba alifika kaburi limeshafukiwa, naye ana matope mpaka kiunoni. Alimshika kila mmoja kwa mikono miwili, mtu mzima mbele ya watoto wa shule, akasema, "Mmenizikia mwanangu."

Kazi ya visima ilipokwisha tulirudi Busia. Huko ndugu walijaa nyumba nzima, lakini mama alipotaja mtoto wa Katesh, bibi alimkatiza, "Mtoto wa siku moja hahesabiwi." Mama hakumtaja tena mbele yao. Kwa muda aliongea na binti wa Mogitu kwa simu, mlango umefungwa. Kisha namba ile ikaacha kupatikana. Baba alitangulia, na mwaka juzi tukamzika mama.

Kwa hiyo siku ile nilitoka dukani nikaenda makaburini. Nilizunguka sana. Misalaba ya miti imeoza, nyasi zimefika magotini, na pale nilipodhani ndipo, pana makaburi ya watu wengine, yana marumaru.

Alikuwa na nywele nyingi, mdogo wangu, na kidole gumba alikikunja ndani ya ngumi. Nimeshapiga namba za watu wa Mogitu na Nambis nisiowajua, nikiulizia. Kama yule binti na yule kijana wapo hai, basi tumebaki watatu tu duniani tuliomwona.