Padre Emilian Margwe na Sahani Iliyotembea

Alizaliwa wakati wa palizi, tarehe 11 Februari mwaka 1962, huko Bashay katika wilaya ya Mbulu, mtoto wa nne wa Mzee Margwe na mkewe Verediana. Walikuwa wakulima wa mahindi na maharage, na ng'ombe wao walilala nyumba moja na watu, kama ilivyokuwa kwa wengi siku zile. Mtoto alikuwa mdogo mno, hata bibi yake akahimiza abatizwe siku ya tisa, maana hakuwa na hakika ya siku ya kumi. Verediana alizoea kusimulia kwamba kitenge kimoja kilimfunga mara tatu na bado pindo lilining'inia. Waliomfahamu Padre Emilian katika utu uzima wake walikuwa wakicheka sana wakisikia habari hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mama hawezi kusahau uzito wa mtoto wake mwenyewe.

Mwaka 1974 njaa ilikuwa kubwa. Emilian alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila jioni mama aliwagawia watoto uji, naye akiulizwa mbona hali, alijibu, "Nimeshakula jikoni." Emilian alikwenda jikoni akakuta chungu kikavu. Katika mwezi wa Septemba alifika padre mzee kumpa bibi yao mpako wa wagonjwa. Verediana alikuwa amebakiwa na kuku mmoja, akamchinja. Padre yule alikula akamaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akasema, "Mama, tangu Pasaka sijala chakula kitamu hivi." Watoto walikuwa mlangoni wakitazama, na hapakubaki hata shingo. Lakini Emilian alimwona mama yake akitabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mgeni alipoondoka akamwambia, "Mama, mimi nitakuwa padre. Na kila atakayenipikia, nitamaliza." Hivyo ndivyo wito ulivyomjia, na ugonjwa wake pia uliingilia mlango huohuo, ingawa ulichukua miaka mingi kuonekana.

Alisoma seminari kwa shida, akipungukiwa madaftari na viatu, akapewa daraja ya upadre tarehe 8 Julai 1993. Mwaka 2004 aliletwa kwenye parokia yetu upande wa Hanang, yenye vigango saba, yaani makanisa madogo ya vijijini, vingine upande wa Gendabi na vingine kuelekea Balangdalalu. Msomaji asiyejua vigango aelewe kwamba padre mmoja huzunguka Misa tatu kwa Jumapili moja, na baada ya kila Misa kina mama huwa wameandaa. Kumrudisha Padre na njaa ilikuwa aibu ya kigango kizima. Kwa hiyo saa nne alikula wali na kuku, saa saba akala ugali na mbuzi, saa kumi akakuta ndizi za nyama, maziwa mgando na soda mbili zimefunguliwa tayari ili asikatae. Na kwa heshima ya juu kabisa alichinjiwa kondoo, akawekewa mkia wenye mafuta yake yanayotiririka. Padre Emilian alimaliza vyote. Alipangusa sahani kwa tonge la mwisho kama alivyomwona yule mzee akifanya.

Tulimpenda kwa hilo. Wa Gendabi walijisifu, "Kwetu aliongeza mara mbili," na wa Balangdalalu wakajibu, "Kwenu aliongeza kwa huruma." Alikuwa mtu wa kicheko, mwenye kujua jina la kila mtoto na la kila ng'ombe aliyeuzwa ili mtoto aende sekondari. Mwili wake uliongezeka mwaka hadi mwaka, nasi tukasema Padre amenawiri. Shokapu za pikipiki ya parokia zilikatika mara mbili. Genoveva, fundi wetu wa cherehani, alipanua alba yake, yaani ile kanzu nyeupe ya Misa, kwa kuongeza kipande kirefu cha kitambaa ubavuni. Akaongeza cha pili, cha tatu, na mwaka 2015 cha nne. Alipokuwa akimpima tumbo, Padre alimwambia, "Genoveva, ukimaliza kushona alba, bakiza kitambaa kidogo cha kutandika altare." Tulicheka. Hatukujua tunachocheka.

Tarehe 21 Agosti 2016, katika kigango cha upande wa Gendabi, Padre alipiga goti baada ya mageuzo ya mkate na divai akashindwa kuinuka. Wanaume wawili walimshika makwapa. Alimaliza Misa akiwa ameketi, na damu na maji vilikuwa vimelowanisha soksi ya kulia. Nesi wa zahanati, Zuhura, binti wa Kiislamu aliyeletwa kikazi kutoka Lindi, alimvua kiatu kwa mkasi.

"Shikamoo Padre. Kidonda hiki kina muda gani?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu Kwaresima."

"Kwaresima! Na maumivu je?"

"Hakiumi. Ndiyo maana nilikidharau."

"Kutouma ndiko kubaya." Akampima. Kilo mia na thelathini na moja, sukari kumi na tisa, presha juu. "Kidole hiki hospitali watakikata, hilo halina mjadala. Sasa tunagombea mguu. Ukiendelea kula ulivyokula, mwakani wakati kama huu hutazunguka vigango saba. Utasukumwa kwenye kiti."

Padre akasema neno lililomshangaza yule binti: "Nitawaambiaje kina mama?"

Zuhura akamjibu, "Si unawaambia mambo ya dhambi kila Jumapili wakakusikia? Hili ni dogo."

Kwake halikuwa dogo. Alikatwa kidole, akarudi, na hapo likaja jaribu lake kubwa, maana alichagua kuficha. Kila kigango alichofika alisema, "Leo nimefunga," akaomba maji. Jumapili ya kwanza tulimsifu. Ya tatu tukaanza kutazamana. Huku kwetu mtu akikataa chakula cha nyumba bila sababu, anasema jambo zito juu ya nyumba hiyo hata kama hajafungua kinywa. Amewaona wachafu, au anahofia wamemwekea kitu. Mama Perpetua, mwenyekiti wa kina mama wa kigango cha Balangdalalu, mjane wa miaka sitini na nane mwenye ulimi wake, alichinja kondoo wake wa pekee na kuweka mkia mbele ya Padre. Padre alisukuma sahani pembeni kwa kidole kimoja. "Nimefunga, mama." Perpetua alijifunga kitenge upya, akafunika sahani, akaondoka nayo. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Kina mama waliofuata kutokuja walikuwa kumi na wanne, na jikoni la kigango likakaa baridi.

Katekista alipomweleza sababu, Padre alilia. Kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa Perpetua, akapiga hodi kama mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunywa maji? Yapo."

"Nimekuja kukuomba uje kanisani kesho. Ukishanisikia, ukitaka usirudi tena, usirudi."

Perpetua alikuja, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Wakati wa mahubiri Padre aliketi kwenye kiti, akavua ndala, akafungua bandeji, akauinua mguu mbele ya watu wote. Akasema, "Niliwadanganya. Sikufunga. Ninaumwa sukari, na huu mguu unataka kuondoka. Niliogopa kwamba nisipokula hamtanipenda. Huo ndio ulafi wangu, tumbo lilifuata tu." Akawasimulia habari ya kuku wa mama yake, ambayo hatukuwahi kuisikia. Akaendelea, "Yule padre mzee alikuwa mtakatifu, hakujua hali yetu. Lakini alikula chakula cha mama yangu mwenye njaa. Na mimi nimekula miaka kumi na miwili mezani kwenu, na nyuma ya kila nyumba kuna mgonjwa aliyeachiwa makoko ya sufuria."

Ndipo Perpetua akasimama kule mlangoni. "Padre, mbona hukusema? Mimi nimekaa wiki mbili najinusa mikono!" Watu wakacheka na kulia pamoja. Yeye hakucheka. "Sasa nimpikie nani? Mikono hii ifanye nini Jumapili?"

Padre akamjibu, "Nipikie, mama, kama siku zote. Ila unionyeshe wa kumpelekea."

Tangu siku hiyo desturi iligeuka. Sahani ya Padre ilipikwa palepale, ikabarikiwa, ikaenda kwa mgonjwa au mzee asiyejiweza, na Padre ndiye aliyeibeba. Yeye alikula kwanza bakuli la mboga za majani, maharage na kipande cha ugali kisichozidi ngumi ya Zuhura, maana nesi alimpimia kwa ngumi yake mwenyewe na ni mwanamke mdogo. Miezi mitatu ya kwanza, kidonda kikiwa kibichi, alipakiwa na katekista kwenye pikipiki. Kilipofunga, Zuhura alimruhusu viatu vipana na akamwambia atembee. Alitembea na bakuli la mgonjwa mkononi, akipita kwenye mashamba ya ngano na alizeti, akipumzika kila kona na kumwomba Mungu radhi kwa kuhema. Mwaka ulipotimia alikuwa kilo mia na tisa. Mwaka 2019 alikuwa themanini na tisa. Genoveva alifumua vile vipande vinne vya alba, kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa mafundi hawatupi kitambaa, Padre alivitumia kufungia bakuli lisimwagike njiani.

Sisemi alikuwa malaika. Kwenye arusi moja mwaka 2018 alikula pilau sahani tatu, kesho yake akaenda mwenyewe zahanati kupimwa na kugombezwa. Mapadre wenzake walimtania, "Emilian, umekuwa ufito, wakristo wako hawakulishi?" Akawajibu, "Wananilisha kwa kuninyima." Wawili kati yao, wanene wenye presha, walianza kuja kutembea naye, na mmoja anatembea mpaka leo.

Kuhusu maajabu, Kanisa ndilo lenye kupima. Sisi tunasema tulichoona. Mzee Akonaay wa Gendabi alikuwa amelala siku sita bila kula wala kusema, watoto wake wameshatafuta mbao za jeneza. Padre aliingia na bakuli, akafungua kitambaa, mvuke wa mchuzi ukapanda. Mzee akafumbua macho akauliza, "Nani amepika?" Akala vijiko saba. Aliishi miaka miwili zaidi na akarudi kuchunga mbuzi. Tena Zuhura alianza kuja na mashine yake baada ya Misa, akawapima watu pale nje ya kanisa, na katika siku ya kwanza tu kina mama tisa walikutwa na presha wasiyoijua, Perpetua akiwemo. Kama hilo si ajabu, basi sijui.

Miaka ile ya kumaliza kila sahani ilikuwa imeziharibu figo zake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 zilikataa kazi. Alipelekwa hospitali, akarudi kwa kuomba mwenyewe, akalala nyumba ya mapadre. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti, Zuhura akiwa pembeni yake, aliuliza, "Mguu upo?"

Zuhura akafunua blanketi miguuni. "Ipo yote miwili, Padre. Kidole kimoja tu ndicho tulichowapa hospitali."

Akatabasamu, akasema, "Basi niko tayari kwenda," akafa kabla ya kengele ya saa sita. Alizikwa na ile alba iliyopunguzwa, nayo ilimkaa vizuri.

Jumapili baada ya maziko, kina mama wa Balangdalalu hawakujua wapike kwa ajili ya nani. Walipika hivyohivyo. Mgonjwa wa kigango siku hiyo alikuwa Perpetua mwenyewe, ambaye presha ilikuwa imemlaza tangu msibani. Genoveva alifunga bakuli kwa kile kitambaa cha nne, akalibeba akitembea kwa miguu, na kina mama kumi na wanne wakamfuata. Ni walewale waliogoma. Perpetua aliketishwa, akaonja, akakunja uso.

"Chumvi imepungua."

"Nesi amesema, mama."

"Nesi!" Akala kijiko kingine, na kingine, akamaliza, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho. Kisha akakishika kile kitambaa, akakikunja vizuri mara nne, akamrudishia Genoveva. "Haya, mkafue. Jumapili ijayo nikiinuka nitabeba mimi."

Aliinuka, akabeba. Vitambaa vimekwisha kufuliwa mpaka vimekuwa vyepesi kama karatasi, na bado kila Jumapili vinatoka kanisani vikiwa vimefunga bakuli. Nawe uliyesoma habari hizi, ukipenda kumheshimu Padre Emilian, tazama nyuma ya nyumba unayolishwa kuna nani, kisha usimame utembee.