Kufuli la Tawi Kuu

Barua yangu ya posa ilikuwa na wiki tatu Misima, na mama wa mchumba wangu hajasema ndiyo wala hapana. Anayesubiri jibu la namna hiyo huwa mkali kazini. Mimi ukali wangu niliumalizia kwenye tawi kuu.

Tulikuwa wawili katika chumba kimoja Kilole, mimi na binti mmoja wa Makuyuni, tunatengeneza programu ya kuwatumia wakulima wa ushirika ujumbe wa simu. Tawi kuu ni ile nakala ya programu inayofanya kazi kweli. Ukikosea humo, wakulima wote wanalipata kosa lako. Ijumaa moja binti aliingiza mabadiliko yake humo moja kwa moja, akajiendea zake nyumbani, na wakulima wakapata tangazo la mbegu mara kumi na moja. Jumatatu nikaweka kufuli: hakuna kinachoingia tawi kuu mpaka mwenzako akikague na abonyeze kitufe cha kukubali.

"Hata cha kwangu," nikasema, kifua mbele.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa ushirika akataka kila ujumbe uanze na salamu: wazee waamkiwe shikamoo, vijana waulizwe hujambo mwanangu. Niliandika kwa dakika kumi. Binti akasoma, akakohoa, akaniandikia kwenye kompyuta: "Shikamoo kaka. Samahani, hapo kwenye umri umepaangalia?"

"Nimepaangalia," nikamjibu bila kugeuka. "Kubali tu."

Akakubali.

Kesho yake asubuhi bodaboda wa hapo chini, kijana mwenye shamba lake la mahindi, alikuja kutuonyesha simu. Ushirika umempa shikamoo, naye ameshajibu marahaba. Nilicheka sana, halafu nikaacha ghafla. Mama wa Misima naye ni mwanachama. Namba yake niliiandikisha mimi, tena huku nikijisifu kwamba programu ni yangu.

"Hukuona?" nikamfokea binti.

"Niliona, kaka."

"Sasa ukakubali kwa nini?"

"Wewe ni mkubwa. Nitakukataliaje, na umeshaniambia kubali?"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kanuni nilikuwa nimeiweka mwenyewe, na mwenyewe nikamtisha aliyetakiwa kuisimamia. Nikamwomba radhi, nikarekebisha, nikamtumia. Akayakataa marekebisho, kwani nilikuwa nimeacha kosa jingine. Alikuwa amenyong'onyea kama aliyevunja sahani ya mgeni, lakini alikuwa sahihi tena.

Jumamosi nikaenda Misima.

"Shikamoo mama."

Aliweka ungo chini, akapiga goti. "Shikamoo baba. Mwanao sijambo."

Mchumba wangu akakimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika mpaka uani. Nikaeleza yote, kufuli, binti, na ile kubali tu yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kwa hiyo umeharibu kwa sababu hukuwa na mtu wa kukukatalia?"

"Ndiyo, mama."

"Mama, mwambie na shati kalivaa kinyume!" mchumba wangu akapaza sauti kutoka jikoni. Nikajitazama. Kweli.

Mama akashusha pumzi. "Barua yako niliikalia kwa ajili ya mdomo wa huyu mwanangu. Niliogopa utamrudisha ndani ya mwezi." Akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta. "Mchukue. Unamhitaji."