Mikono Iliyomkanda Kavira

Kavira alikuwa na mabega ambayo wateja waliyataja kabla ya kusema walichokuja kununua. Alifanya kazi Bweremana, katika duka la baba yake mdogo, Papa Katembo, mtu wa Butembo aliyeleta unga, simenti na sabuni kwa magari yake mwenyewe. Wapakuzi walipochelewa, Kavira alishusha mifuko peke yake, na akina mama wa sokoni wakasimama kumtazama. Ndivyo Guylain alivyomwona. Guylain alikuwa na sale, ukumbi wa kunyanyulia vyuma, nyuma ya gereji: ekseli za lori, mikebe ya rangi iliyojazwa simenti, na ubao mmoja wa kulalia.

"Weye dada," alimwambia, "hiyo nguvu iko inapotea bure kwa mifuko."

Kavira alipojiunga na sale ile, alimkuta mwanamke mwingine mmoja tu, Umuhoza. Jamaa zake walifuga ng'ombe juu milimani Masisi, na yeye aliuza maziwa yao Bweremana. Haukupita muda watu wakawaita mapacha. Mmoja akilala chini ya chuma, mwingine alisimama upande wa kichwa, mikono tayari kukidaka. Ni kazi ya kumwachia mtu kifua na koo lako. Kavira hakuwahi kugeuza macho kuangalia kama Umuhoza yupo. Alijua yupo.

Kisha maumivu yakaanza. Yale ya kawaida Kavira aliyazoea: mwili mgumu kesho yake, kana kwamba umelala juu ya mawe, halafu yanakwisha na unajisikia mpya. Haya yalikuwa mengine. Yalikuja katikati ya kunyanyua, chuma kikipita usawa wa macho, kama uzi wa moto kutoka begani hadi kifuani. Alipumzika, akarudi, akayakuta yanamngoja. Ikafika hatua hata kufunga kitambaa kichwani ilimbidi ainamishe kichwa kuufuata mkono.

"Acha leo," Guylain alimwambia. "Ikiuma kesho yake, iyo ni kazi. Ikiuma palepale, ni mambo ingine. Tafuta kine."

Kine, mtaalamu wa viungo na misuli, hakuwa mbali: Béata, shangazi ya Umuhoza, aliyefanya kazi kwenye kituo cha afya kule kule milimani. Alishuka siku ya soko, akauzungusha mkono wa Kavira polepole, akaubonyeza mpaka Kavira akauma midomo.

"Sitaki kukudanganya," Béata alisema. "Nitauliza munganga wa hospitali kwanza. Kwetu hakuna rezo, simu haipiti. Umuhoza akipanda kuchukua maziwa, nitamupa jibu. Kwa sasa usiguse chuma."

Kavira alikaa bila kugusa chuma, akihangaika kama mtu aliyefungiwa ndani. Mashindano ya Bukavu yalikuwa yanakaribia. Kila sale ilitakiwa kuleta wanawake wawili, uzito walionyanyua ujumlishwe; mmoja akikosekana, na mwenzake anabaki nyumbani.

Umuhoza alirudi na madumu yake ya maziwa, akaja moja kwa moja dukani, vumbi la njia likiwa bado usoni.

"Tantine Béata anasema hapana shida," alimwambia. "Ni misuli inachoka tu. Uendelee, ila upashe mwili muzuri mbele ya kunyanyua."

"Njo vile alisema?"

"Njo vile."

Kavira alimkumbatia kwa mkono wa kushoto, akicheka.

Wakaanza upya. Bega liliuma, na kila lilipouma Kavira alijiambia ni uchovu. Alimeza vidonge. Jioni Umuhoza alimkalisha kwenye mkeka na kumkanda kwa mafuta ya kafuri, taratibu, akitafuta mahali.

"Iko wapi? Hapa?"

"Shuka kidogo. Hapo."

Bukavu, mbele ya watu, mara ya kwanza Kavira alinyanyua vizuri. Mara ya pili chuma kilifika juu ya paji la uso, na yeye mwenyewe akasikia sauti ndani ya mwili wake, kama kitambaa kinachochanwa. Chuma kikaanguka mbele. Alitaka kuuinua mkono wake wa kulia, ukawa kama wa mtu mwingine. Umuhoza alifika wa kwanza. Alilia kuliko Kavira.

Waliporudi Bweremana, Béata alisikia habari, akashuka tena. Alimkuta Kavira amefungwa mkono kwenye kitambaa shingoni, na Umuhoza pembeni akimshikia kikombe cha chai.

"Kavira, nilikukataza kwa mudomo wangu!"

"Ulinikataza, Mama. Halafu ukatuma niendelee."

Béata akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Nilituma nini, Umuhoza?"

Umuhoza aliweka kikombe chini.

"Nilituma useme mushipa wa bega umeanza kupasuka," Béata alisema. "Akae myezi bila kunyanyua, hata mufuko wa dukani. Nilikurudilisha hayo maneno, ukayasema yote mbele yangu."

Kavira alisubiri Umuhoza akane. Hakukana.

"Ungebaki, na mimi ningebaki," Umuhoza alisema akiangalia sakafu. "Kule juu wananingojea niolewe, nikae. Bukavu ilikuwa njia yangu moja tu. Nilizania bega itavumilia, mara moja tu."

"Na ulikuwa unanikanda."

"Nilitaka ipone, Kavira. Kweli."

"Ulikuwa unajua mahali inapasuka, na unaniuliza, iko hapa?"

Umuhoza alinyoosha mkono kumgusa. Kavira alirudi nyuma kwa nguvu hata bega likamchoma, na hasira ikayazidi maumivu.

"Toka, dada. Tafazali, toka."

Mkono ulipona nusu. Mifuko ya unga ikawa ya wengine, na Papa Katembo, asiyetaka kumwona amekaa bure, akamtuma Ntoto, huko Walikale, kuuza chumvi, sabuni na betri, vitu vyepesi. Kavira alikubali upesi. Bweremana kila mtu alimwuliza pacha wake yuko wapi.

Siku moja dereva wa Papa Katembo, akishusha katoni, alimpa habari za nyumbani bila kuulizwa. Umuhoza hakuolewa. Bado yuko sale, na amepata mwenzake mpya, msichana kutoka Shasha.

"Jina lake nani?" Kavira aliuliza.

"Sijue."

Kavira alipanga katoni kwa mkono wa kushoto bila kusema zaidi. Jioni alipanda mahali ambapo mtandao hukubali, akampigia Guylain.

"Uko na musichana mupya."

"Iko. Naomie. Ana nguvu sana."

"Umuambie kitu moja. Siku atasikia maumivu, aende kwa kine yeye mwenyewe, na jibu alingojee palepale. Asitume muntu."

"Nitamuambia."

"Muambie leo," Kavira alisema, akakata simu, akashuka kuwahi wateja wa chumvi.